Mita Hamsini za Mwisho: Usalama wa Abiria katika Vivuko na Meli za Ziwa Victoria

Mada iliyowasilishwa katika semina ya watumiaji wa vyombo vya majini, Nyakato, Mwanza



Niliombwa nizungumzie kuzama kwa meli kubwa za abiria duniani na usalama wa wasafiri. Meli hizo nitazigusa, lakini sitakaa nazo sana. Wengi wetu tuliomo humu hatutapanda meli yenye bwawa la kuogelea na ukumbi wa sinema. Tutapanda kivuko cha Kamanga, boti ya Ukerewe au meli ya usiku ya Bukoba, tena tukiwa na gunia, mtoto mgongoni na kuku wawili kwenye tenga. Huyo ndiye abiria ninayemzungumzia.

Hoja yangu ni moja, na ninaomba mniwie radhi nikiirudia. Katika maji yetu, chombo cha abiria mara nyingi hakiuawi na kilindi. Kinauawa gatini: pale kilipojazwa kupita kiasi, au pale abiria wanaposimama wote kwa pamoja ili washuke. Ndiyo maana nadhani tunatazama upande usiofaa tunapolaumu dhoruba kila mara na kusubiri serikali ilete meli kubwa zaidi.

Kwa nini Nyakato

Kuna aliyeniuliza asubuhi kwa nini mambo ya majini yajadiliwe Nyakato, mahali pasipo na gati wala mwalo. Swali ni la haki. Lakini abiria wa ziwani haanzii majini. Anateremka basi akitokea Musoma, Bunda au Magu, analala kwa ndugu yake hapa Nyakato, na asubuhi anapanda daladala kwenda mjini kutafuta chombo. Bei ya tiketi anaisikia hapa. Habari kwamba boti ya leo imejaa, au kwamba ya kesho haipo, anaipata hapa. Uamuzi wa kusafiri hata kama chombo kimejaa hufanyika mbali kabisa na maji.

Sababu ya pili mnaijua. Mkiifuata barabara ya Musoma kutoka hapa mtafika Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba. Wapo humu wenye ndugu pale. Sitasema mengi juu ya uchungu wao. Nitasema tu kwamba sisi wa upande huu wa mji hatuhitaji kufundishwa kuwa jambo hili lipo.

Tarehe mbili

MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21, ikiwa inakuja Mwanza, ikalala upande na kupinduka. Ilikuwa meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, yaani uwezo wote ulishapitwa hata kabla ya kuhesabu daraja la tatu. Na daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa rasmi ni 894. Wengine wanaamini walikuwa zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyewahesabu walipopanda, hakuna atakayemaliza ubishi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, ikaundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga, na maofisa wakafikishwa mahakamani.

Jambo linaloniuma zaidi katika habari ile lilitokea baada ya meli kupinduka. Haikuzama papo hapo. Ilielea kifudifudi kwa saa kadhaa, na ndani yake kulikuwa na watu hai waliosikika wakigonga bati. Waliokuwa juu wakakata tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa imeishikilia meli juu ya maji, ikatoka kwenye tundu lile, na meli ikashuka na watu wake hadi chini, kina cha mita 25 hivi. Hao waliokata tundu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na nia njema, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Wazamiaji waliokuja baadaye kutoka Afrika Kusini walikuta kazi iliyobaki ni ya kutoa miili.

Tarehe ya pili ni 20 Septemba 2018. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kilichojengwa mwaka 2004 na kuendeshwa na wakala wa serikali, TEMESA, kilikuwa kinawarudisha watu kisiwani Ukara baada ya kuuza na kununua. Uwezo wake ulikuwa abiria 101 na mzigo wa tani 25. Waliopatikana hai walikuwa 41 na waliokufa walizidi 220. Jumlisheni wenyewe. Injini zake zilikuwa zimefanyiwa ukarabati miezi michache tu kabla, kwa hiyo mwenye kusema kivuko kilikuwa kibovu hana pa kushika sana. Haikuwa usiku wala giza, ilikuwa mchana. Kivuko kilikuwa kimeshavuka. Gati la Bwisya, huko Ukara, lilikuwa mbele yake, makumi ya mita tu, na waliosimama ufukweni kuwapokea ndugu zao walikuwa wanaziona nyuso za watu. Rais Magufuli alieleza siku iliyofuata kwamba nahodha hakuwa kwenye usukani, na kwamba kivuko kilikuwa kimeachiwa mtu asiye na mafunzo.

Wengi waliosimulia walisema watu walianza kusogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Nawaomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Orodha ya waliofia karibu

Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe pale Mombasa kilipinduka mita 40 tu kutoka bandarini. Kati ya watu wapatao 400 waliokuwemo, 272 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka katika Ziwa Kivu ikiwa inaingia Kituku, Goma, na watu waliokuwa wakiisubiri wakaitazama ikizama. Makumi walikufa. Hata ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa karibu sana na uwanja. Watu 43 walikuwemo, 19 walikufa, na wa kwanza kuwaokoa wengine walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, si chombo chochote cha uokoaji.

Sitaki kuonekana nachagua mifano inayonipendeza. Zanzibar imetupa mifano miwili iliyo kinyume. MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 usiku, mbali na Nungwi, ikienda Pemba. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Hizo zilifia nje kweli. Hata hivyo, Spice Islander iliyokuwa na ruhusa ya abiria 645 ilitoka bandari ya Unguja ikiwa imejaa kuliko hapo, na taarifa za wakati ule zilieleza kuwa wapo waliokataa kupanda walipoona hali. Skagit ilikuwa boti iliyojengwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, ikaletwa kukabili mawimbi ya mkondo wa Zanzibar katika majira ya kusi. Makosa yote mawili yalionekana kwa macho kabla kamba hazijafunguliwa. Kwa hiyo hata waliofia mbali walihukumiwa gatini.

Mzigo unaotembea

Hapa nitaingia kidogo kwenye ufundi, kwa sababu bila kuuelewa tutabaki kulaumiana.

Chombo kinasimama wima kwa sababu uzito wake uko chini na maji yanakisukuma juu kutoka pande zote. Kikilala kidogo upande mmoja, upande uliozama zaidi unasukumwa zaidi, nacho kinajinyanyua. Ukiupandisha uzito juu, nguvu hiyo ya kujinyanyua inapungua, na kuna mahali inapokwisha kabisa. Ndiyo maana jahazi tupu hutiwa farumi, mawe au mchanga, kabla ya kutweka tanga. Na ndiyo maana mikungu ya ndizi iliyorundikwa sitahani ni hatari kuliko mikungu ileile ikiwa ndani ya ngama, ingawa kwenye mizani uzito ni uleule.

Sasa chukueni mzigo ulio mbaya kuliko wote: binadamu. Gunia la sukari likiwekwa mahali linakaa hapo. Binadamu anasimama, na akisimama uzito wake unapanda. Anatembea. Anakwenda upande wa kivuli jua likiwa kali, upande wa nyimbo ngoma ikilia, upande wa gati akiiona nyumba yake. Watu 200 wenye kilo 65 kila mmoja ni tani 13. Kivuko kidogo chenye ruhusa ya mzigo wa tani 25 kinapohamishiwa tani 13 kutoka katikati hadi ukingoni kwa muda wa nusu dakika, nahodha hana dawa. Akikata kona, anazidisha. Akipunguza mwendo ghafla, anazidisha pia.

Kinachomalizia kazi ni maji yakishaingia. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani huweka majani juu ya maji ili yasicheze, kwa sababu anajua ndoo iliyojaa nusu inamvuta shingo kuliko iliyojaa pomoni. Maji yakiingia kwenye sitaha pana isiyo na kuta za katikati hucheza vivyo hivyo, ila hapa yanacheza kwa tani. Meli ya Uingereza iitwayo Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 ikiwa imeacha mlango wa omo wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, ikalala upande dakika chache tu baada ya kutoka, watu 193 wakafa. Ilikuwa meli ya kisasa, katika nchi tajiri, jioni tulivu. Vivuko vyetu vingi vina sitaha pana ya magari ya namna hiyohiyo. Mlango wake nao unafunguliwa na kufungwa na binadamu mwenye haraka.

Mwaka 1876 Waingereza, baada ya kelele nyingi za mbunge wao Samuel Plimsoll, walipitisha sheria ya kuchora alama ubavuni mwa meli, kuonyesha mwisho wa kupakia. Alama hiyo ni rahisi: ikishaingia majini, umezidisha. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma. Najiuliza ni wangapi kati yetu tumewahi kuitafuta kwa macho kabla ya kupanda. Tunatazama kama kuna kiti.

Meli za kifahari zinatufundisha nini

Costa Concordia ilikuwa meli ya kitalii yenye watu zaidi ya 4,200. Tarehe 13 Januari 2012 nahodha wake, Francesco Schettino, aliipitisha karibu mno na kisiwa cha Giglio, Italia, ikapasuliwa na mwamba. Walikufa 32. Nahodha alishuka kabla ya abiria wake, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 16. Nayo ilifia karibu na nchi kavu, na hilo ndilo lililookoa wengi.

Kilichonivutia katika kesi ile ni jambo dogo. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyohiyo hawakuwa bado wamefanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kanuni ikabadilishwa: tangu 2015 abiria wa safari ndefu za kimataifa hufanya zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Sasa linganisheni na safari zetu. Bugolora kwenda Ukara hata nusu siku haifiki. Saa 24 kwetu ni safari imekwisha na mtu amesharudi. Ikiwa abiria wa hapa hakuambiwa jaketi okozi liko wapi kabla ya kamba kufunguliwa, hataambiwa tena. Na mkataba mkubwa wa kimataifa wa usalama majini, ule uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic, unahusu hasa meli zinazovuka kati ya nchi na nchi. Kivuko cha kisiwa hadi kisiwa ndani ya nchi kinategemea sheria zetu wenyewe, wakaguzi wetu wa TASAC, na sisi wenyewe.

Utii nao una mipaka. Katika meli ya Sewol ya Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, abiria waliambiwa kupitia vipaza sauti wakae walipo. Wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari, watoto wenye adabu, wakakaa. Nahodha akaondoka. Walikufa watu 304. Chombo kile kilikuwa kimebeba shehena kupita kipimo, tena haikufungwa sawasawa. Nasema hivi nikijua kuwa baadaye nitawaomba abiria wakae chini. Kukaa chini kivuko kinapofunga gati ni jambo moja. Kukaa ndani ya chumba meli ikiwa imeshalala ni jambo jingine, na abiria anayefundishwa la kwanza lazima afundishwe na la pili.

Upande wa pili kuna Oceanos, meli ya kitalii iliyozama pwani ya Afrika Kusini tarehe 4 Agosti 1991. Nahodha na maofisa wengine waliwahi kuondoka. Waliobaki kuongoza uokoaji walikuwa wapiga muziki wa meli, mmoja wao, mpiga gitaa Moss Hills, akiwa ndiye anayeita msaada redioni. Helikopta zilikuja, na watu wote 571 waliokolewa. Wote. Mara nyingi husemwa kwamba ni bahati. Mimi naona helikopta zilikuwepo, redio ilifanya kazi, na kulikuwa na mtu aliyejua kubonyeza kitufe. Bahati ilichangia, lakini haikufanya kazi peke yake.

Na starehe imekwishafika ziwani kwetu. Tarehe 24 Novemba 2018, miezi miwili tu baada ya Ukara, boti ya washerehekea ilipinduka upande wa Mukono, Uganda, karibu na ufukwe. Zaidi ya watu 30 walikufa. Haikuwa na leseni na ilikuwa imejaa kupita kiasi, na mitumbwi iliyokimbilia kuokoa nayo ikalemewa. Vijana wa Mwanza wanaokodi boti kwenda Saanane au kuzunguka ghuba siku ya harusi waisikie habari hiyo.

Orodha

Kwenye MV Nyerere mkatisha tiketi alikufa, na mashine yake ikapotelea majini. Kwa hiyo orodha ya abiria ilizama pamoja na abiria. Nchi nzima ilikaa siku kadhaa bila kujua inatafuta watu wangapi. Katika meli ya Doña Paz ya Ufilipino, iliyoungua na kuzama tarehe 20 Desemba 1987, karatasi zilisema abiria 1,493. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 4,000. Ugonjwa ni mmoja.

Orodha tunaichukulia kama kazi ya makarani. Kumbe orodha ndiyo inayomwambia mzamiaji aendelee au aache. Ndiyo inayomwezesha mjane kupata cheti cha kifo, na yatima kudai haki yake. Dawa yake haihitaji mtambo. Nakala moja ya orodha ibaki nchi kavu kila chombo kinapoondoka, hata kama imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule, na watoto wachanga waandikwe pia. Mtoto asiyekatiwa tiketi anazama kama mwenye tiketi.

Usiku wa kwanza

Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida yana joto la nyuzi 24 au 25 hivi. Waliorukia baharini kutoka Titanic waliuawa na baridi kwa dakika. Hapa kwetu mtu aliyeshika boya anaweza kuishi kwa saa nyingi. Hii ni neema ambayo hatuitumii. Maana yake ni kwamba mwenye jaketi okozi, karibu na gati, anapaswa kupona; akifa, amekufa kwa sababu hakuwa na jaketi au hakuna aliyemfuata.

Ukara, usiku wa Alhamisi ile, shughuli ya uokoaji ilisitishwa kwa sababu ya giza, ikaendelea asubuhi. Na Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, fundi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, baada ya kujihifadhi mahali palipobaki na hewa. Wekeni mambo hayo mawili pamoja. Sina haja ya kumlaumu mtu. Lakini kuanzia siku ile hakuna anayeweza kusema kwa dhamiri safi kwamba kivuko kikishapinduka hakuna tena wa kuokoa ndani yake, wala kwamba taa zenye nguvu na jenereta moja kwenye kila gati ni anasa. Na tukikumbuka tundu lililokatwa mwaka 1996, kila mwenyekiti wa mwalo ajue jambo hili kwa moyo: chombo kilichopinduka kinachoelea kisitobolewe mpaka kifungwe kamba, kishikiliwe na vyombo vingine, na aje mtu anayejua.

Dhoruba sijaisahau. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote kuelekea ziwani, ukikutana juu ya maji ya moto mawingu ya radi yanazaliwa, ndiyo maana wavuvi wa dagaa wanakutwa na tufani usiku na alfajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, usikilizwe. Ila wavuvi ni mada nyingine, na inastahili siku yake.

Nani anaweza kusema hapana

Hapa ndipo mahali pagumu. Kila mtu anajua kivuko kimejaa. Nahodha anajua, mkatisha tiketi anajua, askari aliyesimama pale anajua, abiria ndio wanaojua kuliko wote kwa sababu wamekanyagana. Kwa nini hakuna anayesema hapana?

Kwa sababu ni siku ya gulio, na safari inayofuata haipo. Mama wa Ukara aliyeuza mihogo Bugolora hana mahali pa kulala, ana watoto kwao, na ana samaki wanaoharibika. Ukimwambia asipande unamwambia alale sokoni. Atapanda, na nahodha atamwonea huruma, na huruma hiyo itawaua wote wawili. Mimi siamini kuwa watu wetu hawajali maisha yao, kama wasemavyo watu wa ofisini kila ajali inapotokea. Wanapiga hesabu, na hesabu yao inatoka hivyo kwa sababu ratiba imewabana. Kujaza kupita kiasi ni ugonjwa wa ratiba kabla ya kuwa ugonjwa wa tabia. Siku ya gulio inajulikana mwaka mzima kabla. Safari ya ziada siku hiyo, hata moja, inaokoa watu wengi kuliko hotuba kumi za mtu kama mimi.

Na mwenye kusema hapana asiwe nahodha peke yake. Nahodha ana mwajiri anayetaka mapato na jirani anayetaka kufika kwake. Lango la gati liwe na mnyororo na mtu wa kuhesabu ambaye mshahara wake hautoki kwenye tiketi, na mnyororo ufungwe namba ikitimia, hata aliyebaki nje akiwa diwani.

Niongeze jambo moja la kutia moyo. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na tangu siku hiyo maelfu ya watu waliokuwa wanavuka kwa kivuko wanavuka kwa magurudumu. Hiyo ni kazi kubwa ya usalama majini, ingawa haikuitwa hivyo. Meli mpya ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoshushwa majini Februari 2023 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200, nayo ni jambo jema. Lakini daraja la kwenda Ukara halipo, na meli ya abiria 1,200 haiwezi kufunga Bwisya. Wa visiwani watabaki na vivuko vidogo na maboti kwa muda mrefu.

Ninayoyaomba

Siku hizi semina huisha kwa mapendekezo ishirini, yanachapwa, yanawekwa kabatini. Mimi naomba machache. Wenye vyombo na wakala wa vivuko waombwe kuweka safari ya ziada siku za gulio. Kila mwalo uweke daftari la abiria linalobaki nchi kavu. Kila chombo kinapokaribia gati, boti mbili za wavuvi ziwe zimeelea pale zikiwa na kamba na maboya, zilipwe kidogo na ushuru wa gati. Wavuvi ndio wanaofika kwanza siku zote, basi wafike wakiwa wamejiandaa. Na abiria wasisimame hadi kamba zimefungwa. Hili la mwisho halihitaji bajeti, linahitaji sauti ya baharia mmoja, mara moja, kila safari, na sisi wengine kumshika shati anayesimama.

Wazee wa mialo mliomo humu mna sauti ambayo mimi sina. Nawaomba hili la kukaa chini hadi kamba zifungwe lianze kwenye mialo yenu wiki hii, bila kusubiri barua. Nawe Ndugu Mwenyekiti, naomba lipigiwe kura liwe azimio la kwanza la semina hii kabla ya chakula cha mchana, maana baada ya chakula nusu ya ukumbi itakuwa njiani kuwahi boti.